Kopa salfeti ikichomwa inakuwa nyeupe, je shaba imeacha kuwa metali ya mpito?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, nasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Kwenye praktiko tuliona kopa salfeti ni bluu, zinki salfeti nyeupe, tukaambiwa ni kwa sababu zinki sio metali ya mpito hata kama kwenye jedwali la elementi imekaa bloku ya d. Halafu tukaichoma ile kopa salfeti nayo ikawa nyeupe. Sasa ina maana shaba (kopa) ikichomwa inaacha kuwa metali ya mpito? Niliuliza darasani wakacheka.

JIBU: Marahaba. Waache wacheke, ila ukiwauliza wao wakujibu utashangaa, maana wengi wamekariri tu "metali ya mpito ina rangi" wakaishia hapo.

Nianze na zinki, hiyo fupi. Obitali za d (vyumba vya elektroni kwenye atomu) ziko tano, kila moja inabeba elektroni mbili, zikijaa ni kumi. Ili uitwe metali ya mpito inabidi atomu yako, au hata ioni yako mojawapo (atomu iliyotoa au kupokea elektroni), iwe na d ambayo haijajaa. Zinki ni 3d10 4s2 (kumi kwenye d, mbili kwenye s), inatoa zile mbili za 4s basi, Zn2+ inabaki na 3d10, imejaa pomoni. Shaba nayo kwenye atomu d imejaa, 3d10 4s1, ila ikiwa Cu2+ imetoa moja ya s na moja ya d, imebaki 3d9, kuna nafasi moja wazi, na hiyo nafasi moja ndo imeipitisha.

Zinki hata ukiangalia mabati utaona haifanani na wenzake. Inayeyuka kwenye nyuzi 420 tu wakati shaba ni 1085 na chuma 1538, ndo maana kiwandani wanachovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzi kama 450 hivi, na chuma wala hakishtuki. Elektroni zake za d zimejifungia ndani, hazisaidii kushikanisha atomu. Zebaki iko kundi hilohilo la 12, yenyewe ni kimiminika tayari, hata moto haisubiri.

Sasa rangi. Cu2+ ikiwa peke yake, zile obitali tano zina nishati sawa. Ikizungukwa na vitu vyenye elektroni za kuchangia, maji kwa mfano, zinagawanyika, nyingine juu nyingine chini, na elektroni ya chini inaweza kuruka juu ikimeza mwanga. Kwenye mrututu (kopa salfeti hiyohiyo, ile wakulima wanachanganya na chokaa wanapulizia ukungu) kila shaba imeshikwa na maji manne, pembeni kuna oksijeni mbili za salfeti, na yale maji ya tano hayajagusa shaba kabisa, yamejibanza tu kati ya maji wenzake na salfeti. Mpangilio huo unameza mwanga mwekundu mwekundu, jicho lako linapata bluu iliyobaki.

Ukichoma, yale matone uliyoyaona mdomoni mwa testi tyubu ndo hayo maji yanaondoka (natumaini mliinamisha mdomo chini, yakirudi kwenye kioo cha moto kinapasuka). Shaba inabaki imezungukwa na oksijeni za salfeti peke yake, hizo zinazigawanya obitali kidogo kuliko maji, kwa hiyo mwanga unaomezwa unahamia infraredi ambako jicho halioni kitu. Ioni ni ileile Cu2+, 3d9 ileile, haijaacha chochote, majirani ndo wamebadilika. Dondoshea maji utaona bluu inarudi, na ukishika kitako cha testi tyubu utasikia joto. Kwa hiyo weupe wa zinki na weupe wa shaba iliyochomwa ni vitu viwili tofauti: zinki haina pa kurusha elektroni kabisa, shaba inarusha ila wewe huoni.

Na usije ukageuza kanuni ukasema kila rangi kali inatokana na elektroni za d. Pamanganeti ni zambarau iliyokolea, lakini manganizi yake iko +7 (inahesabiwa imetoa elektroni saba), haina elektroni hata moja ya d. Pale elektroni inaruka kutoka kwenye oksijeni kwenda kwa manganizi, mchezo mwingine kabisa, na mwanafunzi akiandika ni d kwenda d mimi nakata maksi bila huruma.

Mkirudia praktiko msizidishe moto. Ukipitiliza inakuwa nyeusi, hiyo ni oksaidi ya shaba, salfeti imeshavunjika, hapo hata uimwagie ndoo nzima ya maji bluu hairudi.