Alama 1.5 za Makerere: je, mvulana alionewa?

Ndugu yangu, umeuliza kama Chuo Kikuu cha Makerere, kilipoanza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5 kwenye udahili, hakikuwabagua wavulana. Swali lako ni la haki. Yupo kijana aliyepata alama nyingi zaidi akakosa nafasi, na uchungu wake ni wa kweli.

Hata hivyo siwezi kuyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja. Ubaguzi uliomkosesha msichana shule ulimwambia hafai, kazi yake ni jiko na kuolewa. Alama 1.5 hazimwambii mvulana kwamba hafai. Zinakiri tu kwamba mtihani haupimi akili peke yake: unapima pia nani alipata muda wa kusoma jioni na nani alitumwa maji, na karo ya nani ililipwa kwanza. Tena msichana huyo bado alilazimika kufaulu kidato cha sita.

Ninapokubaliana nawe ni kwamba kipimo kilikuwa jinsia tu. Binti wa tajiri wa Kampala alipata nyongeza ile ile aliyopata binti wa mfugaji wa Karamoja, na kaka wa huyu wa Karamoja hakupata kitu. Hilo linaniuma. Baadaye serikali ya Uganda ilitenga nafasi za ufadhili kwa kila wilaya, na mimi naunga mkono njia hiyo, mradi iangaliwe shule aliyosoma mtoto mwenyewe, siyo kijiji alikozaliwa baba yake.