Vitabu vya umaskini wa mjini, jela na dunia ya kubuni

Kwa jela, anza na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973). Mashairi yale aliyaandika kwa siri akiwa kifungoni Kenya, kati ya 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni. Nimeyasoma mara nyingi na bado yananichoma.

Umaskini wa mjini: Kill Me Quick ya Meja Mwangi, ya Kiingereza. Vijana wawili wamesoma, kazi hakuna, wanakula kutoka mapipa ya taka Nairobi. Jela nayo imo.

Kwa dunia ya kubuni, Walenisi ya Katama Mkangi (1995): mtu aliyehukumiwa anarushwa na chombo hadi sayari yenye usawa. Ligawe hilo jina: wale-ni-sisi. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini.