Msimamizi bora wa uzamivu apimwe kwa kigezo gani?

Ndugu mchangiaji, umeuliza kama tuzo ya msimamizi bora wa uzamivu (shahada ya PhD) apewe yule aliyehitimisha wanafunzi wengi zaidi. Kwa maoni yangu hapana, hasa huku Arusha, ambako Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, imejikita katika shahada za uzamili na uzamivu, hivyo usimamizi si kazi ya pembeni bali ndiyo kazi yenyewe. Idadi huwaficha walioacha njiani, nao ndio wa kuulizwa kwanza.

Ningependa kamati iombe sura moja ya tasnifu kama ilivyorudishwa kwa mwanafunzi, pamoja na tarehe ya kupokelewa na ya kurudishwa, kwa sababu pembezoni mwa kurasa hizo ndipo unapomwona msimamizi anayehoji kwa nini floridi (aina ya madini) ya maji ya visima ilipimwa wakati wa masika peke yake, ukamtofautisha na yule anayeandika "rekebisha" kisha akanyamaza miezi mitatu. Ushahidi wa wanafunzi nao uchukuliwe kwa waliokwisha kuhitimu na kwa walioacha njiani, maana anayesubiri saini ya mtu hawezi kumsema vibaya (nani angethubutu?).

Kuhusu zawadi, cheti na picha ya jukwaani havitoshi. Apunguziwe vipindi vya kufundisha, na usimamizi wake uhesabiwe anapoomba kupandishwa cheo, sawa na makala anazochapisha.