Mjomba Anajibu: Kibao cha zambarau kando ya mto

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni dereva wa lori, napeleka mizigo Mississippi. Barabarani naona vibao vya kijani vyenye ua juu na maandishi ya dhahabu. Juzi nikiwa kaunti ya Tallahatchie mwenzangu alinipeleka kwa gari lake kuona kingine, cha zambarau, kinene kama mlango wa kasha la pesa, porini kabisa. Kwa nini hiki kimejengwa hivyo? – Dereva, Memphis

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vile vya kijani ni vya jimbo, na ua lile ni la magnolia. Hicho cha zambarau ni cha tume ya wenyeji wa kaunti, Weusi kwa Wazungu. Pale panaitwa Graball Landing, na inaaminika ndipo mwili wa Emmett Till ulipotolewa majini Agosti 1955. Alikuwa mtoto Mweusi wa miaka 14 aliyetoka Chicago kutembelea jamaa zake. Waliomuua walimfunga shingoni feni ya kinu cha pamba kwa waya wa seng'enge, asielee.

Kibao cha kwanza kiliwekwa 2008. Kikang'olewa, kikatupwa mtoni. Mto uleule! Cha pili wakakipiga risasi. Mimi nilifika kingali kimesimama, nikapitisha kidole kwenye tundu moja: kwa mbele rangi imebanduka tu, kwa nyuma bati limechanua, linakata. Nilirudi garini nafyonza damu kidoleni, shemeji yangu ananicheka. Cha tatu, cha 2018, hakikumaliza hata miezi miwili kabla ya kupigwa risasi. Hicho ulichoona ni cha nne, cha Oktoba 2019: chuma kisichopenya risasi, zaidi ya kilo 220. Kimoja cha vile vyenye matundu kilionyeshwa 2021 katika jumba la makumbusho huko Washington, na kwa maoni yangu hicho kinasema mengi kuliko maandishi yake.

Ukirudi, pitia mahakama ya mji wa Sumner, kaunti hiyohiyo. Humo jopo la watu 12, wote wanaume, wote Wazungu, lilijadiliana saa moja na dakika chache likawaachia washtakiwa wawili wa mauaji hayo. Mwaka uliofuata wakakiri wenyewe kwenye jarida, tena kwa malipo. Kaunti iliomba radhi hapo nje mwaka 2007, miaka 52 baadaye, na kibao cha kijani cha kesi hiyo kikazinduliwa. Uani utaona pia mnara wa 1913 wa askari wa Shirikisho la Kusini, upande uliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Simama kati ya kibao na mnara, usome vyote viwili, usiharakishe.

Na lori liache mjini. Ile njia ya changarawe ya kwenda mtoni, ukiingia nalo, pa kugeuzia hupati.