Ni nguvu gani inayofungua milango ya Mfereji wa Rideau?

SWALI: Nilipotembelea Ottawa, Kanada, niliona wahudumu wachache wakipandisha boti kwenye Mfereji wa Rideau kwa kuzungusha winchi za mkono, bila pampu wala mota. Boti huinuliwaje? Na kwa nini milango ile haifungwi ikanyooka, bali hukutana kwa pembe?

JIBU: Ndugu msomaji, wahudumu uliowaona hawainui boti, kinachoiinua ni maji, nao kazi yao ni kuyafungulia njia kwa wakati wake. Boti ikishaingia chumbani, yaani kwenye birika la mawe lenye milango upande wa juu na wa chini, na milango ya chini ikafungwa nyuma yake, hufunguliwa vilango vidogo vinavyopitisha maji kutoka upande wa juu, na chumba kinapojaa boti hupanda pamoja na maji. Hapo Ottawa pana vyumba 8 vinavyofuatana kama ngazi, na kwa jumla hupandisha boti kiasi cha mita 24, yaani mita 3 kwa kila chumba. Kwa kuwa chumba kina urefu wa takriban mita 41 na upana wa mita 10, kila hatua humeza zaidi ya tani 1,200 za maji.

Pampu haihitajiki kwa sababu ya njia iliyochaguliwa. Luteni Kanali John By, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyesimamia ujenzi kuanzia 1826 hadi 1832, hakuchimba handaki moja la kilomita 202. Sehemu kubwa alijenga mabwawa yaliyozamisha maporomoko ya mito Rideau na Cataraqui, akaiunganisha kupitia maziwa yaliyo katikati. Kilele cha mfereji kiko kwenye maziwa hayo, mita 83 juu ya Mto Ottawa, na kutoka hapo maji hushuka yenyewe kuelekea Ottawa upande mmoja na mji wa Kingston, huko huko Kanada, upande wa pili.

Pembe ndiyo sehemu ya ufundi ninayoistahi zaidi. Kila ubao wa lango ni mpana kidogo kuliko nusu ya chumba, hivyo mbao mbili hukutana kabla hazijanyooka, ncha ikielekea kwenye maji ya juu. Maji yanapozisukuma, huzibana zaidi, na mzigo hupelekwa kwenye kuta za mawe badala ya kulipinda lango katikati. Mzigo wenyewe si mdogo: kina kikiwa mita 4.5 upande wa juu na mita 1.5 upande wa chini, jozi moja hubeba msukumo unaolingana na uzito wa tani 90 hivi. Hata ikibaki tofauti ya sentimita 10 tu, msukumo unazidi tani 1, na hakuna mikono itakayolifungua lango. Lakini maji yakisawazika pande zote mbili, watu wawili wanatosha. Ukiwaona wamesimama kando ya winchi bila kuigusa, wanangoja sentimita hizo za mwisho ziishe.