Heliseni yako imesoma sifuri? Yangu pia ilisoma

Juzi msomaji kaniandikia kwa uchungu. Miezi kahangaika na molekuli ya heliseni ya pete tano, mwishowe akatenganisha umbo la kulia na la kushoto, halafu Jumatatu polarimeta, kifaa kinachopima jinsi sampuli inavyozungusha mwanga, ikamsomea sifuri. Nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana huyo ni mimi mtupu.

Ninyi mnaozipenda molekuli hizi uzuri wake mnaujua. Pete za benzini zinaungana zikipinda upande uleule, hadi zikifika sita ya mwisho inaipanda ya kwanza, kama ngazi ya kuzunguka. Hakuna kaboni hata moja yenye vikundi vinne tofauti, lakini molekuli ina kulia na kushoto kama parafujo. Newman na Lednicer walitengeneza ya pete sita mwaka 1956, nayo, kwa kipimo sanifu, huzungusha mwanga kwa zaidi ya nyuzi 3,600. Nilipoiona namba hiyo nilijua nataka nini maishani.

Nikaanza na pete tano, nikidhani ndogo ndiyo rahisi. Mmenyuko wa Wittig wa kuunganisha vipande, kisha taa ya urujuanimno na iodini ya kuzifunga pete, katika myeyuko mwepesi mno, maana ukiwa mzito molekuli hushikana mbilimbili. (Kiyeyushi cha kujaza ndoo kwa unga usiojaza kijiko!) Miezi ya katikati naiacha. Ijumaa jioni kolamu, bomba la kutenganisha kulia na kushoto, ikanipa kilele kimoja kwenye grafu, yaani umbo moja tu, safi. Nikakausha kiyeyushi juu ya maji ya nyuzi 60, nikaacha chupa mezani, nikaenda kulala kama mfalme.

Jumatatu, sifuri. Msimamizi wangu akauliza mbele ya kundi zima, "Umepima maji?" Maji hayazungushi mwanga; wakacheka wote. Kicheko kile bado nakisikia, ingawa leo nina chupa ya pete saba inayosoma namba ileile tangu mwaka juzi, na hakuna aliyekuja kuniomba radhi.

Mikono yangu haikuwa na kosa. Ncha za pete tano zinaweza kupitana: kizuizi cha nishati ni takriban kilokalori 24 kwa moli, na hata joto la chumba hukivuka taratibu, sembuse maji ya nyuzi 60. Kulia hugeuka kushoto hadi ziwe nusu kwa nusu, na mizunguko yao ikafutana: sifuri. Kwa pete sita kizuizi ni kama 36, hapo waweza kulala.

Basi, ndugu yangu, weka kwenye baridi na upime siku hiyohiyo. Usikaushe kwa joto. Narudia: siku hiyohiyo! Mnakimbilia kolamu kabla ya kusoma, na namba hizo zimo kwenye majarida tangu enzi za walimu wa walimu wetu. Someni, jamani. Mimi sikusoma, nikaaibika.

Na msimamizi wako akikuuliza habari za maji, rudisha sampuli kwenye kolamu ileile. Ijumaa ilitoa kilele kimoja, sasa itatoa viwili vilivyo sawa. Maji hayatoi hata kimoja.