Mnaooana, someni Madame Bovary mkifuata deni

Watu wanaokaribia kuoana wakiniuliza wasome nini, huwatajia Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert. Wengine hushtuka. Kitabu cha mke anayetoka nje ya ndoa, tena kilichompeleka mwandishi wake mahakamani Paris mwaka 1857 kwa madai ya kuchafua maadili, bibi harusi atakifanyia nini? (Aliachiwa huru.) Nawaambia: msiwafuate mahawara, mfuateni mfanyabiashara.

Anaitwa Lheureux. Anapobisha hodi kwa Emma, ndiye Madame Bovary mwenyewe, katika mji mdogo wa Yonville huko Normandy, Ufaransa, anatandaza skafu za hariri na kuzigusa kwa ukucha, kama anayepangusa vumbi. Emma anasema hahitaji kitu. Lheureux hakasiriki. Anaaga kwa heshima, lakini kwanza anadokeza kwamba hata fedha anaweza kumpatia. Rodolphe, hawara wa kwanza, bado hata hajatokea.

Baadaye vitu vinachukuliwa kwa mkopo, hati ya deni inasainiwa, hati mpya inalipia ya zamani. Lheureux ndiye anayemtia Emma moyo apate idhini ya kusimamia mali ya mumewe. Amri ya mahakama inapofika, deni ni faranga 8,000 na muda wa kulipa ni saa 24. Emma anamwendea Rodolphe kuomba 3,000, anamjibu hana. Jioni hiyo anakula sumu.

Wasomaji wengi humlaumu Emma peke yake. Mimi namlaumu na Charles, mumewe. Ni tabibu mpole, anampenda mkewe kwa dhati, lakini nyumba inajaa vitu vipya naye haulizi vimetoka wapi. Upole wa namna hiyo unaumiza.

Mimi na mume wangu tulikisoma kwa zamu, mmoja akisoma kwa sauti jioni, mwingine akisikiliza. Kilitufungua midomo kuliko nasaha zote za harusini. Tulijikuta tunatajiana madeni yote: ya dukani, ya kikoba, ya mikopo ya simu. Nanyi fanyeni hivyo. Kila Lheureux anapoingia, wekeni kitabu chini, kila mmoja aseme anadaiwa na nani, kiasi gani. Asiyesema asibanwe usiku uleule; mpeni nafasi hadi sura inayofuata.

Sura za mwanzo, zinazoanzia utoto wa Charles, zikiwachosha, anzieni kwenye zile skafu: sehemu ya pili, sura ya tano.